Yesu Aliuliza Kwanza

Somo: Marko 6:30–44

Neno la wiki hii halikutoka mimbarani. Nimeliandika nikiwa kwenye chumba kimoja cha nyumba yangu. Mke wangu ananiwekea chakula mlangoni, anabisha, anaondoka. Leo ni siku ya kumi na moja. Sina homa, sina kikohozi, namshukuru Mungu. Lakini nilikaa kiti cha nyuma cha probox na ndugu yetu, kichwa chake kikiwa begani mwangu na madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, kwa hivyo nitakaa humu mpaka siku kumi na nne zitimie.

Wengi wenu mnajua namzungumzia nani. Sitamtaja jina. Mama wa nyumba hiyo ameniruhusu niseme yaliyotokea, na Mchungaji Kiongozi amesoma haya kabla hayajachapishwa. Wacha niseme ukweli mbele za Mungu na mbele yenu.

Jumatatu jioni, mwishoni mwa Juni 2021, shemasi wetu alinipigia simu. Mwili unauma, kikohozi hakiishi, Pasta niombee. Nikaomba. Niliomba kwa nguvu, nikaukemea ugonjwa, nikamwambia asiikiri hiyo korona kwa kinywa chake, hiyo ni malaria tu, atakuwa sawa. Maongezi yetu yalichukua dakika sita. Bado yako kwenye orodha ya simu zangu, sijaweza kuyafuta.

Ijumaa saa tatu usiku, mke wake ndiye aliyepiga. Kafyu ya saa moja ilikuwa imeshaanza, barabara kimya kabisa. Nilimkuta shemasi ameketi kwenye ukingo wa kitanda, anasema maneno matatu anapumzika, anasema mawili anapumzika. Midomo ilikuwa na rangi ya jivu. Jirani akatoa probox yake bila kuuliza petroli italipwa na nani, na polisi wa kizuizini walipomulika ndani wakatupisha. Hospitali ya kwanza haikuwa na kitanda. Ya pili, muuguzi alitoka na tochi mpaka kwenye gari, akambana kidole kwa kile kifaa kidogo kinachopima oksijeni ya damu. 61. Mtu mwenye afya hupata 95 kwenda juu. Na huyu alikuwa ametembea kwa miguu yake hadi dukani kwake siku moja tu kabla.

Sina lawama kwa hospitali. Zamu ile ilikuwa na wauguzi wawili, na sikuwaona wakikaa chini hata mara moja. Walimpa mtungi uliokuwa umeshatumika nusu, kwa sababu ndio uliokuwepo. Kabla ya saa kumi na moja alfajiri ulikwisha. Uliofuata ulikuwa na mtu mwingine, na huyo mtu mwingine naye alikuwa na watoto.

Alizikwa dala kwake, Siaya, ndani ya saa 72 kama amri ilivyosema wakati huo, watu wasiozidi 50. Mimi sikuwa miongoni mwa hao 50. Nilikuwa humu chumbani.

Siku ya tano nilimpigia mama kumfariji. Alinisikiliza mpaka mwisho, andiko baada ya andiko. Halafu akasema, kwa upole kabisa, "Pasta, uliomba vizuri. Lakini hukuuliza hata swali moja."

Mpendwa, hilo neno limekaa na mimi humu ndani kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kusikia. Ni kweli. Sikumuuliza homa imeanza lini. Sikuuliza kama anapumua vizuri akipanda ngazi, au kama anasikia harufu ya chakula, au nani mwingine nyumbani anakohoa. Kisumu nzima ilikuwa inajua ile aina mpya ya korona, Delta, imeingia kwetu tangu Mei. Kaunti 13 za huku ziwa na magharibi zilikuwa zimewekewa masharti yake peke yake. Mimi nilijua hayo yote, nikaomba kama mtu asiyejua.

Ndipo nikafungua Marko sita. Hiyo sura nimeihubiri mara nyingi, na kila mara nilikimbilia kwenye muujiza. Safari hii nilisoma polepole.

Jioni imeingia, mahali ni nyika, watu wana njaa. Wanafunzi wanamwambia Yesu awaage watu waende vijijini kila mmoja ajinunulie chakula. Hebu tusiwahukumu haraka. Mstari wa 31 unatuambia hata nafasi ya kula hawakuwa nayo, na habari za mazishi ya Yohana Mbatizaji zilikuwa bado mbichi. Walikuwa watu waliochoka na waliofiwa. Nikisoma hapo nawaona wauguzi na matabibu wetu. Mwaka 2021 ulianza wengi wao wakiwa kwenye mgomo, wakadai haki yao, wakarudi kazini, kisha wimbi hili likawakuta. Mtu aliyechoka hivyo akisema "nendeni kwingine", si kwamba hana upendo. Haoni la kufanya.

Yesu anawaambia wao ndio wawape watu chakula. Wanafanya nini? Wanapiga hesabu. Mimi nilisomea biashara chuo kikuu, hiyo mnaijua na mnanitania nayo, kwa hivyo hesabu yao niliielewa mara moja. Dinari 200. Dinari moja ni kibarua cha siku, kwa hiyo hiyo ni zaidi ya nusu mwaka ya kazi ya mtu. Hesabu yao iko sawa, sina neno. Lakini angalia ni hesabu ya nini: ya kile wasichokuwa nacho. Kwa bajeti kama hiyo mkutano unaisha na kila mtu anarudi nyumbani.

Yesu hawakemei kwa kuhesabu. Hawaambii kwamba kuhesabu ni kukosa imani. Anawageuzia swali. Anataka kujua wana mikate mingapi mkononi, na anawatuma waende wakaangalie. Mnaliona hilo? Yeye aliyejua idadi ya nywele zao hakushindwa kujua idadi ya mikate. Lakini muujiza haukuanza mpaka mtu ameinuka, amezunguka kati ya watu, amefungua vikapu, akarudi na jibu kamili: mitano, na samaki wawili. Hakuleta "iko kidogo kidogo". Alileta namba.

Kuomba bila kuuliza ndiko kulikonishinda mimi usiku ule wa Jumatatu. Nilitaka kuvunja mkate ambao sikuwa nimeutafuta.

Najua kuna mtu anasema, lakini Pasta, ni wewe uliyetuhubiria Zaburi ya 91 mwezi Mei. Ndiyo, ni mimi, na Zaburi ya 91 bado ni Neno la Mungu. Wengine mliiandika kwa chaki mlangoni, msiifute. Lakini nendeni pia Mathayo 4. Shetani alipompandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, andiko alilomtolea ni lipi? Ni hiyo hiyo Zaburi ya 91, ahadi ya malaika na mguu kutojikwaa. Alitaka Yesu aitumie kama sababu ya kuruka. Yesu hakuikana Zaburi, alikataa kuruka. Mimi mwezi Mei niliwapandisha kwenye kinara na nikasahau kuwaambia msiruke. Nisameheni.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye mikate yetu, yaani oksijeni, kwa sababu hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho sikuwahi kukiwazia.

Mtungi mkubwa wa hospitali, ule mrefu, unabeba karibu lita 6,800. Mgonjwa anayefika amezidiwa kama shemasi wetu anaweza kuhitaji lita 15 kila dakika. Gawanya. Mtungi mzima unaisha kwa saa saba na nusu. Usiku mmoja, mtu mmoja, mtungi mmoja, na bado inaweza isitoshe. Lakini yule anayefika mapema, kifaa kikiwa kimeanza tu kushuka, mara nyingi lita mbili kwa dakika zinamsaidia. Kwake mtungi ule ule unakaa siku mbili na zaidi. Nikahesabu tena kwa kalamu, nikidhani nimekosea. Oksijeni anayoimaliza mtu mmoja aliyechelewa inatosha watu saba waliowahi. Saba, kama mikate na samaki ukijumlisha. Sijengi fundisho juu ya hilo, lakini nililiona nikanyamaza kwa muda.

Kwa hivyo sikiza, ndugu yangu unayekohoa na kujificha. Ukija mapema hujiokoi peke yako. Unamwachia mtu pumzi. Sisemi kila anayewahi anapona, nisingesema uongo hapa. Wako waliowahi na tumewazika. Lakini katika mji ambao mitungi haitoshi, kuwahi kwako ni sadaka unayompa mtu usiyemjua.

Na ugonjwa huu una ujanja wake. Mapafu yanaweza kuharibika na mtu bado anacheka, anapika, anauza omena Kibuye. Oksijeni ya damu inashuka na yeye hasikii kitu mpaka imeshuka sana. Ndiyo maana tunapima kidole, hatungoji mtu ahangaike. Kikisoma chini ya 94, na umekipasha kidole moto na kurudia, usingoje asubuhi. Kujifukiza kwa muarobaini kunaweza kufungua pua. Hakuleti oksijeni kwenye damu.

Naelewa kwa nini watu wanajificha. Mwaka 2020 waliopelekwa karantini walidaiwa pesa za kulala humo. Aprili 2020 tuliona kwenye simu zetu mtu akizikwa usiku wa manane huko Siaya na watu waliovaa mavazi meupe, bila matanga, bila heshima. Nani baada ya kuona hayo angesema "nina korona"? Mama muuza mboga anajua akitajwa tu, wateja wanahama. Hiyo aibu sisi kanisa tumeichochea. Tulimfanya anayeumwa aonekane hana imani. Shemasi wetu aliniita mimi badala ya daktari kwa sababu kwangu hakuna foleni na hakuna aibu, na mimi nikamwongezea kifuniko kingine.

Kuhusu chanjo nitasema kwa kifupi. Dozi zilizoshuka uwanja wa ndege tarehe 3 Machi 2021 zilikuwa milioni moja na elfu ishirini. Kila mtu alihitaji mbili, kwa hivyo hiyo ilikuwa ya watu laki tano na elfu kumi, katika nchi iliyokuwa na watu milioni 47. Zilitengenezwa India, na India walipoanza kuzika watu wao walisimamisha kuuza nje. Hizo ndizo hesabu. Hakuna aliyetutengenezea chapa ya mnyama hapo. Kama ingekuwa chapa, isingekuwa adimu hivyo. Mama yangu ana miaka 63, alipata dozi ya kwanza Aprili na mkono ukamuuma siku mbili. Ikifika zamu yako, nenda.

Turudi nyikani. Kabla ya kuvunja mkate Yesu aliwaketisha watu kwa vikundi, mia mia na hamsini hamsini, juu ya majani mabichi. Watu elfu tano wenye njaa bila mpango wanakanyagana, na mwenye nguvu ndiye anayekula. Akiketishwa, hata mjane aliye nyuma anafikiwa. Halafu Yesu hakugawa kwa mkono wake. Aliwapa wale wale waliotaka kuwafukuza watu.

Jumamosi iliyopita, mimi nikiwa humu na simu sikioni, wazee walikaa na Mchungaji Kiongozi wakafanya kile wanafunzi walichotumwa. Walihesabu. Tuna wauguzi wawili na tabibu mmoja miongoni mwetu. Ndugu sita wa boda boda. Probox mbili, ukiongeza ya jirani ambaye si wa kanisa letu na sasa amekuwa karibu zaidi yetu. Mama mmoja ana chumba chenye mlango wake mwenyewe, aliyepona anaweza kukaa hapo siku zake akiwa nyumba yao ina chumba kimoja tu. Na tulikuwa na pesa za harambee ya spika.

Naam, spika. Nimepokea ujumbe kuhusu hilo, tena mkali. Ndugu mmoja ameniuliza tangu lini sadaka ya sifa ikanunua vifaa vya hospitali. Ninaheshimu swali lake, yeye alitoa zaidi ya wengi. Aliyetoa na hakubaliani aje ofisini kwa mzee mhazini, atarudishiwa pesa yake bila kuulizwa. Mpaka sasa wamekuja wawili, na hatujawaonea vibaya. Pesa iliyobaki imenunua vifaa vinne vya kupima kidole na barakoa. Mtungi wa oksijeni hatukununua. Tabibu wetu alisema mtungi nyumbani bila mtu anayejua kuutumia ni hatari ya moto, na kila mtungi unaofichwa nyumbani kwa tajiri ni mtungi usiokuwa wodini. Nilitamani tuwe na wetu. Alikuwa sahihi kuliko mimi.

Vifaa vinne, vikundi vinne vya nyumbani: Nyalenda, Manyatta, Obunga na Kondele. Kiongozi wa kikundi anapiga simu kila jioni nyumba kwa nyumba, na anauliza. Nani anakohoa? Tangu lini? Unaweza kusema sentensi moja mpaka mwisho bila kupumzika? Baada ya kuuliza ndipo anaomba. Akisikia kitu, kifaa kinapelekwa kwa boda boda, kinafutwa kwa spiriti, kinatumika, kinafutwa tena, kinarudi. Yesu alitaka hata makombo yakusanywe, vikajaa vikapu kumi na viwili; kifaa kisikae kwa mtu mmoja eti kwa sababu yeye ni mzee wa kanisa. Usiku, wakati wa kafyu ya 2021, dereva alibeba barua ya kikundi. Polisi waliruhusu mgonjwa, hawakuruhusu harusi. Ukikosa kutupata, piga 719, haina malipo.

Wiki moja imepita. Kikundi cha Obunga kilimpata baba mmoja akiwa na 91, anabishana kwamba yuko sawa na anataka kurudi kwenye mkokoteni wake. Amelazwa, amepewa lita mbili, juzi aliongea na mimi kwenye simu akalalamikia chakula. Kikundi cha Manyatta kilichelewa. Bibi alikuwa amekatazwa na mwanawe kusema. Kesho Mchungaji Kiongozi atawatembelea, atasimama nje ya lango.

Anayepiga simu za Nyalenda kila jioni ni mama yule, mjane wa shemasi wetu. Aliomba kazi hiyo mwenyewe akiwa bado anahesabu siku zake za kukaa ndani kama mimi. Ana nyumba 23 kwenye daftari lake. Jana alinipigia saa kumi na mbili jioni. Nilidhani anataka maombi. Akaniuliza homa yangu ni ngapi, nikamwambia, akaandika.

Tuombe. Baba, tumeangalia vikapu vyetu, tumekuletea vilivyomo: vifaa vinne, pikipiki sita, magari mawili na la jirani, watu waliochoka wanaojua kazi. Vipokee mkononi mwako. Wakumbuke walio zamu usiku huu na mitungi yao. Mfariji mama na watoto wake. Kwa jina la Yesu. Amina.